Mtunga Koja: Safari ya Neno Antholojia

Mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya akiambiwa alete antholojia darasani, hajiulizi neno limetoka wapi. Hufungua mkoba akatoa kitabu cha hadithi fupi. Waliosoma miaka ya karibuni wengi wao walitoa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, kilichohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. Kwao antholojia ni kitabu kimoja chenye waandishi wengi, na nyuma yake kuna mtihani unaongoja. Mwenzake wa Tanzania akishika kitabu cha mashairi atakiita diwani, na asipokuwa mwangalifu atakichanganya na yule diwani wa kata anayekuja kuomba kura. Mwalimu naye, akikata kipande cha kitabu na kukiweka juu ya swali, hukiita dondoo.

Antholojia, diwani, dondoo. Maneno matatu kwa kazi ya namna moja: kuchagua maandishi ya watu na kuyaweka pamoja. Kila moja limekuja kwa njia yake. Lililotoka mbali zaidi ni la kwanza, na safari yake ilianzia bustanini.

Wagiriki wa kale waliliita ua anthos. Kitenzi chao legein kilikuwa na maana mbili, kuokota au kukusanya, na pia kusema. Ukiviunganisha unapata anthologia, yaani kazi ya kuchuma maua. Mtu aliyetoka na kikapu asubuhi akarudi nacho kimejaa alikuwa ametoka kufanya anthologia, hata kama hajui kusoma herufi moja. Ilichukua muda neno hilo kutoka kwenye kikapu na kuingia kitabuni, na aliyelifungulia mlango ni mshairi mmoja mzaliwa wa Gadara.

Gadara leo ni magofu karibu na kijiji cha Umm Qais, kaskazini mwa Jordani, juu ya kilima kinachotazama ziwa la Galilaya. Wasomaji wa Injili wanazijua pande hizo kwa kisa cha kundi la nguruwe lililotimka na kuangukia majini. Miaka zaidi ya 100 kabla ya kisa hicho, mji huo ulimzaa Meleager. Alikulia Tiro, katika Lebanoni ya leo, na uzee wake ukamkuta katika kisiwa cha Kos. Aliandika Kigiriki, lakini hakusahau alikotoka: katika shairi alilojitungia la kuwekwa kaburini, anamsalimu mpita njia kwa lugha tatu, na kwa Msyria salamu yake ni neno lilelile ambalo sisi huku pwani tunalitumia kila siku, salam.

Yapata mwaka 100 Kabla ya Kristo, Meleager alikusanya mashairi mafupi ya washairi zaidi ya 40, wengine wakiwa wamekufa karne nyingi kabla yake. Mashairi hayo waliyaita epigramu. Zamani epigramu zilichongwa juu ya mawe ya makaburi au vitu vilivyotolewa nadhiri hekaluni, kwa hiyo zilikuwa fupi, maana fundi wa kuchonga hulipwa na jiwe lina kikomo. Baadaye washairi walizipenda kwa ufupi wake wakaanza kuziandika kwa ajili ya kusomwa tu. Meleager alichagua zilizompendeza, akaongeza zake, na kitabu akakiita Stephanos, yaani taji la maua, lile ambalo Wagiriki walivaa kichwani wakienda karamuni.

Jina hilo hakulitupia tu juu ya jalada. Katika shairi la utangulizi alimtaja kila mshairi na kumpa ua au mmea wake. Sappho, yule mwanamke wa kisiwa cha Lesbos, alipewa waridi. Anyte alipewa mayungiyungi. Nossis, mwanamke mwingine, alipewa ua la airisi. Simonides alipata chipukizi la mzabibu, na Callimachus akapata mhadasi. Mwenyewe alijipa ua jeupe lile linalochanua mapema kabla ya mengine. Hiyo ilikuwa orodha ya yaliyomo, ila imevaa nguo ya shairi.

Anayetaka kuelewa alichofanya Meleager hahitaji kwenda Ugiriki. Amtazame mwanamke wa Unguja au wa Lamu wakati wa alasiri, jua likianza kupoa. Asumini huchumwa zikiwa bado matumba, kwa sababu zitafunguka usiku zikiwa zimeshavaliwa. Mchumaji huzimwaga juu ya sinia. Zilizopondeka huzitupa, zilizoanza kugeuka rangi huzitupa, kisha huchukua sindano na uzi akazipitisha moja moja mpaka koja litimie. Akitengeneza kikuba atachanganya na mrehani na vipande vya waridi, kila kimoja mahali pake, maana harufu moja ikizidi huimeza nyingine. Anayepita kando ya mvaaji husikia harufu, akasifu maua. Mkono uliotupa yaliyopondeka hakuna anayeukumbuka.

Na kazi ile ya kupitisha uzi tunaiitaje? Kutunga. Tunatunga koja, tunatunga shanga, tunatunga samaki, na tunatunga mashairi. Mgiriki alihitaji kuunganisha maneno mawili ili afike kwenye picha ya maua. Mswahili alikuwa nayo tayari ndani ya kitenzi.

Baada ya Meleager mtindo ulishika. Yapata mwaka 40 Baada ya Kristo, Philip wa Thesalonike alitoa taji la pili, lenye washairi waliokuja baada ya wale wa Meleager. Yeye alipanga kwa alfabeti, kwa kufuata herufi ya kwanza ya kila shairi, na mpangilio wa namna hiyo humsaidia mtafutaji lakini haumfurahishi msomaji. Katika karne ya 2, mwanasarufi Diogenianus wa Heraclea alitunga kusanyo la epigramu ambalo Suda, kamusi kubwa ya Wabizanti ya karne ya 10, inalitaja kwa jina la Anthologion. Hapo ndipo tunapoliona neno likiwa limekwisha kuvuka, kutoka kazi ya mchumaji wa maua hadi jina la kitabu.

Katika karne ya 6, mwanasheria wa Konstantinopoli aitwaye Agathias alikusanya mashairi yake na ya rafiki zake, mahakimu na watumishi wa dola, akayagawa kwa mada badala ya waandishi. Halafu, kuelekea mwaka 900, akatokea kasisi wa ikulu ya Konstantinopoli aitwaye Constantine Cephalas. Huyu aliyachukua mataji yote yaliyomtangulia, la Meleager, la Philip, la Agathias na mengineyo, akayafumua na kuyasuka upya kuwa taji moja kubwa: mashairi ya mapenzi pamoja, ya makaburi pamoja, ya nadhiri pamoja, ya dhihaka pamoja.

Kazi hiyo ndiyo iliyookoa kila kitu. Kitabu cha Meleager chenyewe kilipotea. Cha Philip kilipotea. Hata nakala ya Cephalas haikubaki. Kilichobaki ni kitabu kilichonakiliwa kutoka kwake na waandishi kadhaa wa karne ya 10, chenye epigramu karibu 3,700. Anyte yule wa mayungiyungi aliishi Tegea, yapata mwaka 300 Kabla ya Kristo, na alikuwa na desturi ya kuwatungia wanyama mashairi ya kaburini: jogoo aliyekuwa akiwaamsha watu alfajiri, pomboo aliyetupwa ufukweni. Zimetufikia epigramu zake 20 hivi, na karibu zote zimo katika kusanyo hilo. Kama mkono mmoja katika mnyororo ule ungeliona shairi la jogoo ni upuuzi, tusingejua kwamba kulikuwa na jogoo wala mshairi.

Mkono wa namna hiyo ulitokea. Mwaka 1299 au karibu yake, mtawa msomi wa Konstantinopoli, Maximus Planudes, alitengeneza antholojia yake kutokana na nakala zilizomfikia. Nakala aliyoiandika kwa mkono wake ingalipo Venice mpaka leo. Planudes alikuwa mtu wa dini, na mashairi aliyoyaona ya aibu aliyaruka au kuyarekebisha, na wala hakulificha hilo. Humo mlikuwa na epigramu 2,400 hivi. Lakini tusimlaumu kwa haraka, maana karibu 400 kati ya hizo hazimo katika kile kitabu cha karne ya 10. Aliyetupa maua mengine ndiye aliyeyaokoa mengine.

Kwa muda mrefu Ulaya iliijua antholojia ya Planudes peke yake. Msomi wa Kigiriki Janus Lascaris aliipiga chapa Florence mwaka 1494, yote kwa herufi kubwa. Watu waliinukuu, wakaitafsiri, wakaiiga. Kile kitabu kikongwe kilikuwa kimelala mahali, na hakuna aliyekisumbua.

Kikaamshwa na kijana. Mwaka 1606 hivi Mfaransa Claude Saumaise, ambaye vitabu humtaja kwa jina la Kilatini, Salmasius, alikuwa Heidelberg, Ujerumani, hajatimiza hata miaka 20. Katika maktaba ya mtawala wa jimbo la Palatine, moja ya maktaba kubwa za Ulaya wakati huo, alikuta kitabu cha ngozi chenye epigramu ambazo Planudes hakuwa nazo. Akaketi kunakili. Nakala zake zikapita mkono kwa mkono miongoni mwa wasomi, na kwa sababu ya maktaba ile kitabu kikapewa jina linalotumika hadi sasa, Antholojia ya Palatine.

Vita vya Miaka 30 vikaingia. Mwezi Septemba 1622, jeshi la Jenerali Tilly liliuteka mji wa Heidelberg. Maktaba ikawa ngawira, na Maximilian, mtawala wa Bavaria, akamzawadia Papa Gregory XV. Papa alimtuma Leone Allacci, Mgiriki wa kisiwa cha Chios aliyekuwa akitumikia maktaba ya Vatikani, akavilete vitabu. Allacci alivibandua vingi majalada yake ili kupunguza uzito, akavipakia katika makasha 196, nyumbu wakavibeba kuvuka milima ya Alpi. Mwaka 1623 mzigo ulifika Roma, na mashairi ya jogoo na waridi yakiwa humo ndani.

Hayakukaa milele. Mwaka 1797, Napoleon alipombana Papa kwa mkataba wa Tolentino, Wafaransa walichukua vitabu vya thamani kutoka Roma, na Antholojia, iliyokuwa imejalidiwa mafungu mawili, ikapelekwa Paris. Napoleon alipoanguka, mali zikaanza kudaiwa na wenyewe. Mwaka 1816 fungu kubwa lilirudi Heidelberg. Fungu dogo likasahaulika, au likabakizwa, katika maktaba ya Paris. Mpaka leo ukitaka kukisoma kitabu hicho kwa macho yako huna budi kwenda miji miwili: ukurasa wa 1 hadi wa 614 uko Heidelberg, na wa 615 hadi wa 709 uko Paris.

Wakati kitabu kinasafiri, neno nalo lilikuwa linazaa. Waliosoma Kilatini walilitafsiri moja kwa moja: flos ni ua, legere ni kuchuma, wakapata florilegium. Kwao hilo lilikuwa chombo cha kazi. Padri mwenye mahubiri ya kesho alihitaji maneno ya wazee wa kanisa na ya wanafalsafa yaliyokwisha kuchumwa na kupangwa kwa mada, asije akakesha. Thomas wa Ireland alimaliza kimojawapo mjini Paris mwaka 1306, akakiita Manipulus florum, yaani gao la maua. Kilinakiliwa mara nyingi sana, kwa sababu kilimwepushia mtu kazi ya kusoma vitabu vizima.

Lakini kulikuwa na neno jingine la kale, ambalo halikutoka bustanini. Lilitoka chini ya meza.

Kati ya miaka 1772 na 1776, Richard Brunck alichapisha mjini Strasbourg mashairi mafupi ya Kigiriki, yakiwemo yale ya Palatine, na kitabu chake akakiita Analecta. Neno hili lina kitenzi kilekile legein, safari hii kikiwa na maana ya kuokota. Katika karamu za matajiri wa Roma, mifupa na maganda yalitupwa sakafuni, na mtumwa wa kuokota makombo hayo aliitwa analecta. Mshairi Martial humtaja katika dhihaka zake. Mtaalamu aliyekusanya vipande vya waandishi wa kale akajiita mwokota makombo, na ndani ya unyenyekevu huo mna majivuno kidogo: kama makombo yenyewe yanaokotwa kwa heshima hivi, karamu ilikuwaje?

Mwanafalsafa Seneca, katika mojawapo ya barua zake, anasimulia kisa kinachofaa kuwekwa mlangoni mwa kila maktaba. Palikuwa na tajiri mmoja aitwaye Calvisius Sabinus, mwenye mali nyingi na kumbukumbu mbovu. Hata majina ya mashujaa wa Homer yalikuwa yakimponyoka. Akaona dawa ni fedha. Alinunua watumwa, mmoja akakaririshwa Homer mzima, mwingine Hesiod, na wengine tisa wakapewa mshairi mmoja mmoja wa nyimbo. Kila mmoja alimgharimu sesterti 100,000. Karamuni watumwa hao walisimama karibu na miguu ya bwana wao. Yeye alikuwa akigeuka kuwaomba beti, aanze kuwatambia wageni, na katikati ya neno anakwama. Mgeni wake mmoja mwenye ulimi, Satellius Quadratus, alimshauri awatumie wanasarufi kuwa waokota makombo wake, kisha akamwambia kwamba makabati ya vitabu ya idadi ileile angeyapata kwa bei ndogo zaidi. Sabinus alikuwa na antholojia inayotembea kwa miguu, na bado hakuwa na shairi hata moja.

Neno la makombo lilipata bahati kubwa mwaka 1861, wakati mmisionari Mskoti James Legge alipochapisha huko Hong Kong tafsiri ya Lunyu, kitabu cha maneno ya Confucius kilichokusanywa na wanafunzi na wafuasi wake. Legge alikiita kwa Kiingereza kwa neno hilo la Analecta, na tangu hapo wasomaji wa Kiingereza humjua Confucius kwa jina la mtumwa wa Kirumi. Upande wa Wagiriki, maua yalirudi: Friedrich Jacobs, aliyeanza kutoa toleo lake mwaka 1794, alirudia jina la Anthologia, na hilo ndilo lililosambaa katika lugha za Ulaya.

Waarabu walikuwa na njia yao. Wao walipenda neno mukhtarat, yaani yaliyoteuliwa, ambalo halina ua wala kombo. Linamtaja mteuzi na uamuzi wake waziwazi. Katika karne ya 8 al-Mufaddal wa Kufa aliteua kasida za kale kwa ajili ya kumfundisha mwana wa khalifa, yule aliyekuja kutawala kwa jina la al-Mahdi, na kusanyo likaitwa kwa jina la mteuzi mwenyewe, Mufaddaliyat. Karne iliyofuata ikaleta kisa cha Abu Tammam. Mshairi huyo alikuwa njiani akirudi kutoka Khurasan, theluji ikamfungia njia mjini Hamadan. Mwenyeji wake alikuwa na maktaba nzuri. Theluji haikuyeyuka upesi, naye hakuwa mtu wa kukaa bure. Aliingia maktabani akaanza kuteua, na alipoondoka alikuwa ameacha kusanyo la milango kumi, wa kwanza ukiwa wa ushujaa, hamasa, na kitabu chote kikachukua jina hilo. Baadaye wahakiki walisema kwamba Abu Tammam alionyesha ushairi wake zaidi katika kuteua ya wenzake kuliko katika kutunga ya kwake. Sifa hiyo inauma, lakini ni sifa.

Neno lililovuka bahari kuja kwetu halikuwa mukhtarat. Lilikuwa diwani, na hili asili yake ni ofisini. Khalifa Umar bin al-Khattab alianzisha daftari la majina ya askari na mafungu yao ya hazina, likaitwa diwan, neno ambalo wataalamu wengi wanasema Waarabu walilipata kwa Waajemi. Kutoka daftari likawa ofisi yenyewe, kisha baraza linaloketi ofisini, na kwa upande mwingine likawa daftari la mashairi yote ya mtu mmoja. Kiswahili kiliyachukua yote. Watawala wa Vumba Kuu waliitwa Madiwani, na wakuu wa miji ya Mrima nao waliitwa hivyohivyo. Diwani wa kata anayedai barabara ya lami na Diwani ya Shaaban iliyomo rafuni ni ndugu wa daftari moja.

Tofauti kati ya maneno haya si ndogo. Daftari huandikisha wote, koja huchagua. Diwani kwa asili yake inataka mashairi yote ya mshairi, mazuri na yaliyochoka. Antholojia inataka machache ya wengi. Sisi siku hizi tunaita diwani hata kusanyo la washairi ishirini, na lugha haikudai ushuru kwa hilo.

Neno antholojia nalo liliwekwa juu ya maandishi ya Kiswahili na Mjerumani. Mwaka 1894 ilichapishwa Berlin kazi ya Carl Büttner iitwayo Anthologie aus der Suaheli-Litteratur, mashairi na habari za Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Büttner alifundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki kilichofunguliwa Berlin mwaka 1887, ambako maofisa wa koloni jipya walijifunza kabla ya kupanda meli. Pembeni yake walikuwa walimu wasaidizi waliotoka huku, akiwemo Amur bin Nasur wa Unguja, ambaye habari zake mwenyewe zimo katika kusanyo hilo. Jalada lilitaja aliyechuma. Maua mengi yalitoka katika midomo na kalamu za watu waliokuwa wakisahihisha matamshi ya maofisa kwa mshahara.

Mombasa palikuwa na jambo la namna hiyo hiyo, na hili linatugusa zaidi. Muyaka bin Haji al-Ghassaniy alifariki yapata mwaka 1840. Alikuwa ulimi wa Mvita katika vita vya Mazrui na Seyyid Said, na husemwa kwamba ndiye aliyelitoa shairi misikitini akalipeleka sokoni. Mashairi yake yaliimbwa, yakajibiwa, yakatumika kusutana. Mengi hayakuandikwa. Miaka 40 baada ya kifo chake waliokuwa wakiyajua kwa moyo walikuwa wazee, na kila jeneza lililotoka Mji wa Kale lilikuwa linaondoka na beti.

Mmisionari William Taylor, aliyefika Mombasa mwaka 1880, aliyataka mashairi hayo. Peke yake asingefika popote. Aliyemfikisha ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mtu wa Mombasa, naye mwenyewe mshairi. Sikujua alijua nani anakumbuka nini. Alijua ubeti huu ulimjibu nani, na neno lile la mafumbo lilikuwa linamchoma nani. Aliyakusanya, akayaandika kwa hati za Kiarabu, akayatia maelezo. Alifariki mwaka 1890. Karatasi zilikwenda Uingereza na Taylor. Mwaka 1940 William Hichens, akitumia karatasi hizo, alichapisha Diwani ya Muyaka katika chapa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa kitabu chake juu ya Muyaka. Kila mwanafunzi anayemchambua Muyaka leo, Nairobi au Dar es Salaam, anasoma sehemu kubwa ya kile alichookota Sikujua.

Hapo ndipo nalirudia neno la tatu, dondoo, lile la mwalimu na swali lake. Limetokana na kudondoa. Mdondoaji ni yule anayeokota punje moja moja, kama mtu aliyemwagikiwa na mchele mkekani na hataki hata chembe ipotee. Picha hii haina karamu wala bustani. Ina njaa ndani yake. Anayechuma maua ana mengi mbele yake na huchagua yapendezayo. Anayedondoa punje anajua kwamba kisichookotwa sasa kitaliwa na kuku. Meleager alikuwa mchumaji. Sikujua alikuwa mdondoaji, na wengi wetu tuliobaki na kanda za taarabu za shangazi zetu, madaftari ya tenzi yenye jalada lililoliwa na mchwa, na gungu ambazo bibi peke yake ndiye anayezijua, tuko zaidi katika hali ya Sikujua kuliko ya Meleager.

Kwa hiyo ukifungua antholojia au diwani yoyote, usianzie shairi la kwanza. Anzia dibaji, umtafute aliyechagua, ujiulize alipata wapi na alitupa nini. Na kama nyumbani kwenu kuna mzee mwenye beti kichwani, keti naye ukiwa na kalamu wiki hii, wala si mwaka ujao. Kiswahili kimekwisha kukupa cheo cha kazi hiyo. Mwenye kutunga tunamwita mtunzi. Mwenye kutunza naye tunamwita mtunzi.